Volley ya kukaa chini huku Bunia

Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Uko muzima? Baridi ya Butembo ikuhurumie. Huku Nyakasanza vumbi iko mpaka mu meno.

Jana siye batu wa magongo, benye miguu haina nguvu, tulicheza volley na batu wa biro ya zone, bale ba serikali. Yetu ni ya kukaa chini: kamba inafungwa karibu na majani, na matako haiondoke ku udongo. Bale ba citoyen ba biro balikuja na masuruali ya kupasi. Shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, alitoa kwanza hotuba murefu ya kutuhurumia, akabaomba basitupige sana. Maskini! Kila balon ikikuja, banasahau, banasimama, arbitri anapiga filimbi. Tulibapiga quinze à trois, kumi na tano kwa tatu.

Batu bote bakapiga makofi. Shefu hapana. Aliangalia mikono yetu, akasema: «Mikono ya nguvu hivi, na munasema hamuwezi salongo?»

Unajua salongo, ile kazi ya kufyeka barabara kila siku ya posho, ile Jumamosi. Siye, hakuna mutu aliyetuandikaka kule. Leo asubuhi majina yetu yote iko ku liste, hata mimi mugeni! Benzangu banalalamika sana, lakini niliona kila mutu anarudia kusoma jina yake mara mbili.

Usalimie batoto, na ujikumbatie mwenyewe kwa ajili yangu. Na umuambie Mama: ile jembe alinifichaka tangu utoto, huku bananipa kwa nguvu.

Ndugu yako,
Kambale