Mraba wa Zamu za Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na mapacha mu wazima. Sisi tunapumua, ingawa magoti yangu yamegoma na usingizi umenihama.

Mama hainuki tena kitandani. Akili yake ni timamu. Mwili ndio uliomsaliti.

Mimi na kaka yako Fundi, mchomeleaji vyuma wetu, tuligombana. Alidai kwamba mimi namsomea Mama magazeti huku yeye akimbeba. Ili kumnyamazisha, nilichora mraba wa ajabu: kazi tisa za kumtunza, kila moja na namba ya uzito wake. Tisa ni kumwosha.

2 7 6
9 5 1
4 3 8

Jumlisha safu yoyote, iliyolala, iliyosimama au ya pembe kwa pembe: utapata kumi na tano. Wiki hii tunagawana safu zilizolala, wiki ijayo zilizosimama, na hakuna anayepunjwa. Tena, namba mbili zinazotazamana kuvuka ile tano ya katikati daima hufanya kumi. Fundi alikagua kwa kidole, akakosa la kulalamikia. Safu ya tatu ni yako. Tunaibeba kwa kupokezana, nasi tumechoka.

Nilikosea kwenye kazi niliyoipa namba moja. Hiyo ni kukaa na Mama jioni na kumjibu anapouliza kama umefika. Niliiona nyepesi, kwa kuwa hakuna cha kunyanyua. Juzi Fundi alinifuata jikoni, macho mekundu, na si kwa cheche za kazini.

"Nipe tisa kila siku, kaka," alisema. "Hiyo moja siiwezi."

Nami siiwezi. Jana Mama aliuliza tena, nikamwambia kwamba uko njiani. Akasema, "Basi msitie komeo mlangoni."

Hatujatia. Njoo, mdogo wangu, uufanye uongo wangu uwe kweli.

Fundi na mkewe wanakusalimu. Msalimie shemeji, waambie mapacha kwamba mjomba wao anasubiri barua yenye mwandiko unaosomeka. Mola akufungulie njia.

Ndimi kaka yako mkubwa, akupendaye hata anapokukaripia.