Cheti Changu Ukutani kwa Baba Yako

Mpendwa mke wangu Akinyi,

Wiki tatu tu za ndoa, na moja tayari tumelala mbalimbali! Naandika hapa kwenye shamba la chai nikiwa nimekalia kapu nililolipindua, na kila anayepita na majani ya chai mgongoni namtazama nikidhani ni wewe. Wananicheka.

Unakumbuka siku ya harusi, baba yako alipotaka kuona cheti changu cha sekondari? Kilipita mikono yote, hata ya nyanya yako aliyekishika kichwa chini. "Huyu ndiye mkwe aliyesoma!" baba akasema, akakitundika ukutani kando ya saa iliyokufa. Ukanikanyaga mguu chini ya meza, ukaninong'oneza, "Hicho hakitoki tena." Nikacheka. Nilikuwa nakutazama wewe. Hata wangetundika viatu vyangu nisingejua.

Sasa sicheki. Karani mkuu amenijaribu kwenye mizani ya majani siku nne, sikukosea hata mara moja. Akaniuliza cheti.

"Kiko kwa baba mkwe, ukutani."

Ofisi nzima ikapasuka kwa kicheko. Karani mkuu akasema, "Basi ukuta wake ukuandike kazi! Jumatatu ukija bila karatasi, kuna jembe."

Jembe ni nusu ya mshahara, tena ni kulala banda moja na wanaume kumi. Karani hupewa chumba, Akinyi. Nimekiona! Dirisha lake linatazama chai, na nimeshachagua pembe ya chungu chako. Bila chumba hicho sina pa kukuleta.

Kuna jambo lingine linaniuma. Mzee Oloo, anayenifundisha mizani, ameishika kazi hii tangu sijaanza shule, lakini hana karatasi. Nikileta yangu, nitamzidi mshahara. "Lete tu, mwanangu," aliniambia, bila kunitazama.

Mimi siwezi kumdai baba mkwe kitu, unajua adabu yetu. Nikitokea atanichinjia kuku, nitakula kimya, nitarudi mikono mitupu. Mwombe wewe, mpenzi. Anza na mama. Baba akikataa, usigombane naye.

Binamu yangu aliyekuletea barua hii anarudi huku Jumapili kwa barabara ya Soin. Nitakuwa barabarani tangu asubuhi. Na ikiwa baba atakuruhusu, mje pamoja, cheti ukishike wewe. Sijui nitakimbilia kipi kwanza. Hapana, najua.

Ni mimi mume wako,
ambaye bado si karani.