Kadena ya mulango wa depo

Likasi

Mama yangu mupendwa,

Unaamuka namna gani? Magoti yanakuacha ulale? Na ile paa, walikuja kuitengeneza mbele ya mvua? Huku afya iko, namushukuru Mungu. Nakula, siku ya Mungu naenda misa na Mama mudogo. Lakini roho yangu haiko sawa. Kwa simu siwezi kukuambia, juu natumia simu yake na anakaa pembeni yangu.

Kazi yenye ulinituma kufanya kwa mudogo wako naifanya vizuri. Analeta taa za LED, mafuko kwa mafuko, na minye njo napima. Napima na multimeta, ile mashini kidogo yenye sindano mbili. Kwanza taa inatolewa kwenye courant ya umeme. Halafu sindano nyekundu kwa plus, nyeusi kwa minus, na taa nzima inawaka kidogo tu. Yenye imekufa naiweka pembeni itengenezwe. Kazi hii naipenda, sikudanganyi.

Chenye kinanitesa ni mulango. Asubuhi Mama mudogo anatuingiza ndani ya depo, minye na Papa Kalenga, muzee mwenye anazitengeneza. Halafu anafunga kadena kwa inje, anaenda sokoni na ufunguo. Anasema wezi wa hapa hawana haya. Madirisha yana vyuma, choo ni ndoo. Mama, hata mbuzi zako unazifungulia muchana!

Juma iliyopita taa ya dari yetu ilikufa. Nikashusha disjoncteur ya ukutani, ile ya kukata courant, taa zingine zikazimika, nikapanda juu ya meza. Papa Kalenga akaniambia nivute tu ile taa. Nikaona heri nipime waya kwanza. Multimeta ikaandika volti zaidi ya mia mbili! Kumbe Mama mudogo alichoka na délestage, ile ya courant kukatwa kila mara, akavuta waya wa pili kwa jirani mwenye iko kwenye laini ingine. Huku wengi wanafanya vile. Ule waya haukupita kwenye disjoncteur yetu, na hakutuambia kitu.

Nilishuka nikaketi chini. Nilikuwa naangalia makatoni yote yale, nikawaza moto ukishika, sisi wawili tukipiga mulango na yeye iko sokoni.

Jioni nilimuambia habari ya ule waya, nikapiga magoti, nikamuomba atuachie ufunguo mumoja ndani. Aliniangalia sana.

"Mutoto wa yaya yangu, wa mukubwa wangu," akasema, "na weye unataka kuniibia?"

Kesho yake aliita fundi, ule waya ukakatwa. Kadena ilibakia. Papa Kalenga hawezi kusema, anaogopa kufukuzwa. Minye nikitoroka, nitakuharibia jina kwa mudogo wako. Nimekwama, Mama.

Weye njo ulimulea, weye peke yako njo anaogopa. Mupigie. Usiseme nimelia. Mwambie atuachie ufunguo. Akikataa, mwambie magoti yamekushinda na unanitaka nyumbani. Nitajua ni uongo, na nitakuja mbio.

Unisalimie Yaya Béa na samaki wake, Tonton mwalimu, na Koko, muzee wetu mwenye alinibariki nikiondoka.

Dereva mwenye anakuja kwenu Kalemie anapita hapa muchana. Barua nitamupatia kati ya vyuma vya dirisha. Mukono unapita, minye sipiti.

Mutoto wako,
Furaha