Nyumba Anazoingia Nakeno

Lodwar, 4 Machi 2025

Mwanangu Nakeno,

Kosa wanalofanya watu wengi siri inapotoka ni kutafuta mdomo. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, na huo si ustaarabu, kwa hiyo sasa nakusalimu: ejok? Mgongo wa mama yako unaendeleaje? Sisi huku tu wazima, ni joto tu linalotuandama.

Jana ulinipigia simu ukilia, na mtandao ukakatika nikiwa nimesikia mambo mawili: wagonjwa wako wanakufungia milango, na kuna mtu anauza majina yao. Nilikuwa tabibu hadi nilipostaafu, na siri za wagonjwa nimeziona zikitoka kwa njia nyingi. Niandikie polepole, kwa mpangilio. Jina la mgonjwa usinitajie.

Baba yako mdogo,
Ejore

---

Kakuma, 8 Machi 2025

Baba mdogo,

Nakusalimu kwa heshima. Mama anajikongoja, anakusalimu pia. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi sina.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu ni ya mradi. Walitupa pamoja na vizibao vya buluu, na kila nikifika kwa mgonjwa lazima niibonyeze ijue niko wapi. Kitu kinachojua niko wapi kitashindwa kujua ninasema nini?

Kazi yangu unaijua. Napeleka dawa za ARV kwa wasioweza kufika kliniki, na kuhakikisha wanazimeza. Zamani nilijitolea. Sasa kuna fedha za utafiti: wanataka kujua kama mhudumu wa jamii akilipwa kumfuata mgonjwa nyumbani, mgonjwa hatakatiza dawa. Msimamizi wetu ni Mugure, kutoka Nairobi. Ni mpole kupita kiasi, na watu wa namna hiyo mimi nawaogopa.

Kuna mama wa mapacha, bado ananyonyesha. Mumewe hajui hali yake. Wiki jana nilipobisha alisema akiwa ndani, "Nenda! Nani amekutuma hapa?" Dawa zake bado ziko kwenye mkoba wangu. Baba mdogo, asipozimeza, wale watoto wananyonya nini?

Nikamkabili Mugure mbele ya wenzangu. Nikamwuliza, "Majina ya watu wetu umempa nani?" Akasema, "Dada, mimi sina majina. Nina namba tu." Mtu huwa na jibu tayari hivyo? Ater, mkalimani wetu, akacheka: "Nakeno, unampiga mawe ng'ombe tunayemkamua!" Sasa hata Ater simwamini.

Binti yako,
Nakeno

---

Lodwar, 12 Machi 2025

Mwanangu,

Ejok? Barua imefika kwa mkono wa kondakta, bahasha ikiwa imeachia pembeni. Labda ni jua, labda ni vidole. Umenificha jina lakini umeniambia mapacha. Wanaonyonya hapo kijijini kwenu ni wangapi? Nimeichoma.

Mugure hajanishawishi. Hata hivyo, jibu lake ni la kweli kwa kadiri ninavyozijua tafiti. Anayetoa fedha ana swali lake, na hulipia kile kinachomjibu swali hilo, basi. Majina hayamfai kitu, namba zinamtosha. Mtu asiye na jina hawezi kuliuza. Ndiyo maana nasema tuache mdomo kwa sasa.

Niambie unavyotembea. Si unavyosema, Nakeno, unavyotembea. Anza mlangoni pako, ukipita boma kwa boma, mpaka unaporudi. Zamani na sasa.

Na mama yule anyonyeshe huku ameacha dawa? Hapana. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi mimi pia. Harakisha.

Ejore, baba yako mdogo

---

Kakuma, 17 Machi 2025

Baba mdogo,

Salamu. Mama ni yule yule. Nisamehe, nitauliza: ile barua uliichoma kabla ya mtu mwingine kuisoma? Nimefika hapo, kumshuku hata wewe.

Umeniuliza ninavyotembea kana kwamba mimi ni mbuzi aliyepotea. Haya. Zamani nilifunga tumbaku kwenye kitambaa, nikaanza boma la kwanza karibu na laga, ule mto mkavu. Kila boma lazima uketi, uulizwe habari za mvua na za mifugo, ugawe tumbaku, ndipo uinuke. Kwa mgonjwa nilifika nimechoka. Siku hizi mradi unalipia safari ya mgonjwa tu, kwa hiyo navaa kizibao, napita moja kwa moja hadi kwake, nabonyeza simu, naenda kwa mwingine. Kazi inakwenda haraka. Mugure alinisifu kwa hilo.

Sasa sikiliza uthibitisho wangu. Jana kisimani bibi mmoja alinitania mbele ya wanawake: "Pita, Nakeno, pita tu! Sisi hutuletei tumbaku tena. Sisi si wagonjwa wako." Wote wakacheka. Mama wa mapacha alikuwepo. Aliinua mtungi wake ukiwa nusu, akaondoka. Yule bibi amejuaje wagonjwa ni nani, kama hakuambiwa?

Mume wa mama wa mapacha anaihamisha familia Kaikor Jumamosi kufuata malisho. Mkewe akienda hivyo, ameenda bila dawa.

Nakeno

---

Lodwar, 19 Machi 2025

Mwanangu Nakeno,

Ejok? Barua hii nimempa dereva ninayemjua, uipate kesho asubuhi, Alhamisi. Barua yako niliichoma nikiwa peke yangu. Kuniuliza si kosa.

Yule bibi hakuambiwa na mtu. Alihesabu maboma uliyoyaruka. Kwetu mtu akipita boma bila kuketi, watu hukaa wakijiuliza kwa nini. Na akiketi katika maboma machache tu, tena akiwa na kizibao cha buluu, jibu wanalipata wenyewe. Tumbaku yako ndiyo iliyokuwa ikiwasitiri wagonjwa, kwa kuwa ulimpa kila mtu. Fedha za utafiti hazikununua jina la mtu. Zilikunyooshea njia tu, nawe ukaifuata, kama ambavyo yeyote angeifuata. Kijiji kizima kikakutazama.

Kwa Mugure usiende kupiga magoti. Kutokuwa na hatia katika hili si kutokuwa na hatia kabisa, nitaendelea kumtazama. Lakini mwambie ukweli huu mbele ya wale wale uliomshtaki mbele yao, maana wahudumu wengine pia wanapita moja kwa moja. Hilo litasubiri hadi Jumatatu.

Kaikor kuna zahanati, na mama yule anaweza kuendelea na dawa huko, mradi asikie hivyo kutoka kwako, akiwa na za kumtosha njiani. Hatakufungulia ukienda kwake peke yake. Atakufungulia ukiwa unatoka kwa jirani yake na unaelekea kwa jirani mwingine.

Alhamisi hiyo hiyo uvue kizibao, ufunge tumbaku, uanze na boma la kwanza karibu na laga, na usiruke hata moja.

Baba yako mdogo,
Ejore