Bluu Zangu Tatu

Mwenzangu uko wapi? Pokea simu! Haya, basi soma.

Fundi rangi aliyeletwa na mume wangu kaanza jiko leo asubuhi. Natoka kuanika nguo, nakuta keshapaka. Chini bluu iliyokolea, kabatini bluu ya kati, juu ile hafifu kama mbingu. Bluu zangu tatu! Na mimi sijamwonyesha ile picha yangu ya jiko.

Nikamuuliza, "Fundi, nani kakuelekeza?"

Akajibu bila hata kugeuka, "Mzee, mama. Kasema lifanane na lile la kwa bi mdogo."

Kwa bi mdogo. Kasema hivyo kama mtu anayetaja duka la jirani.

Nikashika sinki. Nikasema, "Ahaa, kule." Eti "ahaa, kule"!

Ile picha unaijua, niliikata gazetini. Miaka minne namwonyesha mume wangu, ananijibu "tutaona". Nikadhani hanisikii. Kumbe ananisikia neno kwa neno, anapeleka kwingine.

Na fundi ni yule yule! Hata kutafuta mwingine kaona tabu.

Ngoja, bado. Kageuka na brashi yake, mpole kweli, kaniuliza, "Mama, huku chini nirudie kwa rangi ya mafuta kama kule? Inafutika kwa kitambaa. Mtoto wa kule anachora kuta zote."

Mwenzangu, wangu wa mwisho ana miaka ishirini.

Mtoto wa kuchora ukutani ana miaka mingapi? Nipigie hesabu wewe, mimi nimeshindwa.