Kutu Niliyomfundisha Mama

Masasi, Jumanne. Joto la Novemba. Mawingu yamekaa juu ya milima ya mawe tangu asubuhi, na mvua hakuna. Nimesahihisha madaftari, nimekula peke yangu, nimeosha sahani yangu moja.

Leo nina la kuungama.

Mama anaishi Mnyambe, huko Newala, ana kisukari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na yeye ndiye pekee anayenipigia kuniuliza, "Mwalimu wangu, leo umefundisha nini?" Wanafunzi wangu husikiliza kwa ajili ya mtihani tu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsaidia kunyofoa korosho kwenye mabibo, yale matunda ya mkorosho. Nikakata bibo vipande viwili, kimoja nikakipaka ndimu. Kile kingine kikageuka kahawia. Nikamwambia hiyo ni kazi ya oksijeni. Hata seli zetu zikichoma chakula hutoa chembe kali za oksijeni, na zikizidi huula mwili kama kutu. Wataalamu huiita hali hiyo mkazo wa oksidishaji, na kisukari huuzidisha. Nikaongeza kwamba bibo lina vitamini C tele ya kupambana na kutu hiyo. Mama akaacha kazi, akanitazama kama mtu mkubwa.

Nilifurahi mno.

Jumapili muuguzi wa zahanati akanipigia. Sukari ya mama imepanda, kidonda cha kidole cha mguu hakifungi. Kumbe aliacha vidonge. Wiki tatu nzima amekuwa akiloweka kochoko, yale mabibo makavu wanayopikia pombe, na kunywa maji yake asubuhi na jioni. Majirani walimcheka wakidhani amegeukia pombe, yeye ambaye pombe hajawahi kuionja. Muuguzi alipomgombeza, alijibu: "Mwanangu kasoma. Kasema bibo linaondoa kutu."

Siku ile sikumwambia mama kuwa bibo lina sukari. Wala sikumwambia kuwa chembe zile zikiwa chache zina kazi: seli huzitumia kupeana habari kwamba hapa pana jeraha, lifungwe. Zinazoumiza ni zile zilizozidi. Hayo yote nayajua, ila nilitaka aendelee kunitazama vile.

Jana mama alipiga. Nikamwamkia, akaitikia. Amerudia vidonge. Nikamwomba aache kochoko kabisa.

"Ukisema wewe, naacha," akasema. "Ila usimkasirikie muuguzi, mwanangu. Labda mimi nilikuwa nakunywa kidogo mno."

 Kwa aibu nikasingizia mtandao, nikakata simu.

Jumamosi napanda gari la Newala. Nitakaa naye, nitamfunga kile kidole, nitamwambia aliyekosea ni mimi. Huenda asiniulize tena nimefundisha nini, na nyumba hii itakuwa kimya kuliko ilivyo leo.

Asiniulize. Mguu upone.