Tulivyokiulizia Chuo cha Faiza

Mwakingali, Voi
6 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Abdulbasit,

Assalaamu alaikum. Najua ukiona bahasha yenye mwandiko wangu moyo utaruka, udhani kuna msiba. Hakuna msiba. Sote tu wazima. Vua koti, kaa, usome taratibu.

Wewe hujambo? Ule mgongo uliokusumbua Ramadhani nzima umekuachilia? Na wifi yangu Zuhra, bado wanampanga zamu za usiku huko Bristol? Mwambie ile picha ya watoto wamevaa kanzu za Idi juu ya masweta nimeibandika dukani, karibu na kioo. Wateja huniuliza kama hao ni wanangu, nami huwajibu ndiyo.

Sisi huku mvua imetujia kwa pupa. Njia ya sokoni ni tope tupu, na wanunuzi wa leso wanaingia dukani viatu mkononi. Kifua cha Mansur kimepata nafuu, alhamdulillahi, ila sweta hataki, eti Voi ni mji wa joto. Shemeji yako unamjua.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yetu ni ya hadhara. Nikikupigia, Mansur anasikiliza, Shangazi Aliya anadakia, wanao wanaimba, na wewe unaitwa kwa mgonjwa. Neno nililo nalo linataka karatasi. Alwi, kijana wa jirani, anasafiri Jumamosi kuja huko, nami nitampa barua hii na mkebe wa achari ya embe. Achari ni ya nyumba nzima. Barua ni yako peke yako.

Ni habari ya Faiza. Siku matokeo yake yalipotoka ulilia kwenye simu, na sisi tukalia, hata Mansur akasingizia vumbi. Kisha ukasema mpwa wako aombe chuo kile kile ulichosomea wewe, maana jina lake peke yake litamfungulia milango. Mansur alilibeba neno hilo mpaka msikitini. Kwa muda wa wiki nzima alikuwa akipokea pongezi kana kwamba yeye ndiye aliyefanya mtihani.

Faiza hakukataa. Alisema tu kwamba kuna chuo kingine anakifikiria, Tarakwet, kule Bonde la Ufa. Chuo kichanga, ambacho mimi ninayeuza leso kwa watu wa kila pembe sijapata kukisikia. Nikamuuliza amekitoa wapi. Akanikumbusha daktari kijana aliyemtibu babake kifua mwaka jana, yule aliyevuta kiti akakaa, akamsikiliza Mansur mpaka Mansur mwenyewe akachoka kusema. Halafu yule kijana akatuambia, "Hii bado siielewi. Acha niite mkubwa wangu tuangalie pamoja." Akaenda kweli, akarudi naye kweli. Faiza hakuwa amewahi kumsikia daktari akisema haelewi. Alimuuliza amesoma wapi, na jina hilo likamkaa.

Basi kazi ikawa hiyo, mdogo wangu. Kabla ya mwezi huu kwisha lazima aandike chuo cha nafasi ya kwanza, na udaktari ukiukosa kwenye nafasi ya kwanza, kuupata kwenye ya pili ni bahati ya mtende. Hataki kukosea, na hataki kukuvunja moyo wewe. Nilimwona anapungua mwili.

Nikaona hapana. Kwetu binti akiposwa na wawili hatupigi kura. Tunaulizia. Nikafunga kibwebwe nikaviulizia vyuo viwili kama mabwana harusi: ukoo wake, majirani zake, kama ana deni la aibu, kama ni mtu wa hasira. Usicheke. Ndivyo tulivyompata Mansur, na mpaka leo sijamrudisha.

Majibu yalikuja kama mvua hii. Chuo chako kilisifiwa na kila mtu. Fundi Kituku wa cherehani alikisifu mpaka akadunga kidole sindano. Nilipomuuliza anamjua nani aliyesoma pale, akasema hamjui mtu, ila geti lake amewahi kuliona kwenye runinga. Kwa upande wa Tarakwet nilimtuma Wambua, yule dereva wa lori anayepeleka saruji upande huo. Alirudi na ripoti kamili: ua umenyooka, mlinzi ana adabu, na maharagwe ya kantini yameiva vizuri. Faiza naye akanionyesha kwenye mtandao orodha za vyuo bora. Kila orodha ina wa kwanza wake. Mansur akasema hizo ni bei za nyanya, inategemea umeuliza kibanda gani.

Aliyetuzindua ni Shangazi Aliya, na hakukusudia. Alikuwa amekuja kula tu. Unakumbuka alivyokuwa mkuu wa upelelezi wa posa zote za ukoo, na yule mchumba wangu wa kwanza alivyomwangusha baada ya kwenda kunywa chai na mpishi aliyefukuzwa nyumbani kwao. Alitusikiliza, akatafuna, akasema, "Nyinyi mwauliza majirani. Jirani atakusifia mtu ili harusi iwe karibu. Mume aulizwa kwa mke alowachana naye."

Faiza aliacha kula. Akainuka na sahani yake, akaenda uani, na nikajua kuna kitu kimemwingia. Asubuhi akaniambia, "Mama, hatujamuuliza hata mtu mmoja aliyetoka kule bila digrii." Nilimtazama mwanangu, Abdulbasit, nikajionea fahari ambayo sikuweza kumwonyesha, maana angevimba kichwa. Sisi watu wazima tulikuwa tumezunguka mji mzima tukikusanya sifa, na sifa ndizo zinazomfanya mgema atie tembo maji.

Mtu wa namna hiyo tulimpata karibu kuliko tulivyofikiri. Margaret, nesi tunayepakana naye ukuta, ana mpwa wake aitwaye Sylus Mwandawiro. Alisoma Tarakwet mpaka mwaka wa tatu, akaacha. Sasa ni mwalimu wa bayolojia huko kwao Ronge. Margaret alisita kidogo, si jambo watu wa kwao hulitaja mezani, lakini alimpigia, na Sylus akasema twende.

Tukapanda milimani siku ya tatu ya Idi, mimi, Faiza na Mansur, aliyekuja ili asikie ubaya wa Tarakwet kwa masikio yake. Ronge kulikuwa na ukungu na baridi, na safari hii sweta alilivaa. Sylus ni kijana mrefu, mpole, ana mashamba ya migomba mpaka karibu na mlango wa jikoni. Mamake alitukaribisha kwa chai, kisha akatuachia nafasi.

Faiza alimuuliza moja kwa moja kwa nini aliacha. Sylus hakuficha. Alisema alikuwa anazimia kila akiona mtoto anashonwa. Mtihani wa wodini alianguka, akaurudia, akaanguka tena. Mansur akajisogeza mbele, maana hapo ndipo alipokuwa akitaka kufika. "Wakakufukuza?" akamuuliza.

"Hapana, mzee," Sylus akasema. "Mwalimu mkuu wa wodi aliniita, akafunga mlango, akaniuliza kama hii udaktari naitaka mimi ama ni baba anaitaka. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza hivyo. Nililia sana siku hiyo. Akasema nikitaka kujaribu tena atanisimamia mwenyewe, na nikitaka kuondoka atanitafutia njia. Nikachagua kuondoka. Masomo niliyokuwa nimefanya yakahesabiwa, nikaingia ualimu, sikurudi mwanzo. Mpaka wa leo ananipigia simu kuuliza wanafunzi wangu wanaendeleaje."

Kasoro pia alizitaja, bila kuombwa. Maktaba ni ndogo. Vyombo vya maabara mnagombania. Wagonjwa wengi wanasema Kikalenjin, na mwanafunzi ambaye hajajifunza kuwasalimu kwa lugha yao hafiki kitandani. Na watu wakikuuliza unasoma wapi, inabidi uwaeleze mara mbili. Mansur alitikisa kichwa kwa hilo la mwisho kuliko yote.

Kisha akatueleza jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Kila Ijumaa mchana wanakutana ukumbini, walimu na wanafunzi, na kila mmoja anataja alipokosea wiki hiyo. Anayeanza ni mwalimu. Yule mkuu wa wodi mwenyewe husimama akasema nilimpa mgonjwa fulani jibu kabla sijamsikiliza, nimerudi nikamwomba radhi. Wanafunzi wakishamsikia yeye, hawaogopi tena kusema. Nikakumbuka yule kijana wa kifua cha Mansur, na kiti alichokivuta, na "bado siielewi" yake. Kumbe alifundishwa. Nilikuwa nikidhani ni tabia ya kwao.

Tulipokuwa tunaaga, nilimwambia Sylus kwamba nimeshangaa, maana kwa kawaida mtu akiachana na mwenzake humsema vibaya. Akacheka, akaniambia, "Mama, mimi nilitoka kwa mlango. Hawakunirusha kwa dirisha. Nikitaka kurudi hata kesho kuwasalimia, huo mlango naujua."

Tulishuka kurudi Voi. Karibu na Mwatate Mansur akasema, kama anayejisemea, kwamba kijana yule anawasifu watu waliomwangusha mara mbili, na yeye Mansur hajui kama kuna mtu aliyeangushwa na yeye anayeweza kumsifu. Tangu siku hiyo hajalitaja jina la chuo chochote msikitini. Kwake yeye hiyo ni toba kubwa.

Ungedhani mambo yaliisha hapo. Nami nilidhani hivyo. Nikamwambia Faiza, andika Tarakwet, tulale. Akakataa. Akasema tumemuulizia bwana harusi mmoja kwa haki na mwingine kwa geti la runinga, na huo si uadilifu. Huenda chuo cha Mjomba nacho kinawashika watu vizuri wanapoanguka. Hatujui, hatujamuuliza mtu. Mtoto ana miaka kumi na minane, Abdulbasit, na mizani yake ni sawa kuliko ile ya dukani kwangu.

Kisha akaniuliza kama namjua mtu yeyote aliyewahi kutoka chuo kile katikati ya masomo.

Nilimwambia nitafikiri. Lakini sikuhitaji kufikiri. Ulikuwa mwaka wako wa pili. Ulikuja na sanduku lako na vitabu vyote, ukakaa nyuma ya duka miezi mingi, ukikunja leso ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Mama, Mungu amrehemu, aliwaambia watu kuna mgomo chuoni, na sisi akatukataza kukuuliza. Hatukukuuliza. Halafu siku moja ukaamka, ukafunga sanduku, ukarudi, ukamaliza, ukawa daktari, na Mama akaitundika picha yako ya joho juu ya jokofu. Iko hapo mpaka leo.

Faiza sijamwambia. Ni lako, utasema wewe ukitaka. Ila nafasi ya kwanza ameiacha wazi. Mimi nilimwambia kuna mtu nitamwandikia, naye akasema kwamba mtu huyo akijibu kuwa alitolewa kwa mlango, ataandika chuo cha Mjomba kwa roho safi na hataangalia nyuma.

Basi mimi nakuuliza kama tunavyoulizia posa, na jibu lako litakaa kwangu. Usinieleze jina la chuo, jina tunalijua. Mwaka ule ulitoka kwa mlango, au kwa dirisha?

Na kama ni kwa dirisha, mdogo wangu, sikiliza. Uliangukia dukani kwetu, ukainuka, ukarudi kwenye nyumba ile ile na kupita mlango wake wa mbele mpaka mwisho. Mama alitundika joho. Mimi miaka yote hii ninayemsifu kimoyomoyo ni yule kijana aliyefunga sanduku asubuhi ile, na nimeona wakati umefika usikie hilo kwa dada yako.

Nisalimie Zuhra, na wanangu Mahfudh na Tima, waambie shangazi yao anawataka likizo. Mansur anakusalimu, Shangazi Aliya pia, anasema achari usile yote mara moja. Margaret wa ukutani naye hajakusahau. Nipigie nikiwa dukani mchana, Mansur akienda kuswali. Mola akulinde katika baridi hiyo, aitie baraka mikono yako kwa kila mgonjwa unayemshika, na akurudishe kwetu mzima.

Mimi dada yako akupendaye, kwa mlango na kwa dirisha,

Mwanabibi